Kubadilisha beringi za magurudumu ya mbele ya Hilux ya zamani, nyumbani kwako

Pikapu ninayoizungumzia hapa ni Toyota Hilux ya kizazi cha tano, zile zilizotengenezwa kati ya 1988 na 1997, na hasa LN85: injini ya dizeli ya 2L, gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma pekee. Bado ziko nyingi, zinabeba saruji, mahindi, samaki na viti vya harusi. Habu zake za mbele, yaani vitovu vinavyobeba magurudumu, zimeundwa kwa namna ambayo mtu mwenye spana za kawaida, jeki nzuri na siku moja ya mapumziko anaweza kuzifungua na kuzifunga mwenyewe. Mwenye LN106, ndugu yake ya 4WD, asome yote, kisha aangalie sehemu yake karibu na mwisho, kwa sababu habu ile ina mambo ya ziada.

Nimefungua habu nyingi za magari haya. Mara nyingi beringi iliyokufa haikuuawa na umri. Iliuawa siku iliyofungwa: mchanga uliingia, au grisi ilipakwa juu juu bila kushindiliwa ndani, au nati ilikazwa kwa nguvu ile ile ya kukazia nati za tairi. Kwa hiyo kuvua na kupachika nitavipitia haraka, na nitakaa zaidi kwenye usafi, grisi na ukazaji.

Kwanza elewa unachokwenda kukishika

Kila gurudumu la mbele lina beringi mbili: kubwa upande wa ndani, ndogo upande wa nje. Hazina gololi. Zina rola ndogo za chuma zilizochongwa kwa mshazari, nyembamba upande mmoja na nene upande mwingine. Rola hizo zimeshikwa na kizimba na kuzunguka kwenye koni, ambayo ni sehemu inayovaa kwenye spindo, yaani ule mhimili mfupi unaobeba habu. Zinatembea ndani ya kikombe, pete ya chuma iliyokazwa ndani ya habu. Umbo hili lilisajiliwa Marekani mwaka 1898 na Henry Timken, aliyekuwa mtengenezaji wa magari ya kukokotwa na farasi. Mshazari ndio siri yake: beringi hubeba uzito wa gari kutoka juu na wakati huo huo huzuia msukumo wa pembeni unapokata kona.

Mshazari huo huo ndio unaofanya ukazaji wa nati uwe na maana kubwa. Ukikaza, koni inazama zaidi ndani ya kikombe na nafasi ya rola inapungua. Ukilegeza, nafasi inaongezeka. Yaani unapozungusha nati ya habu unapanga jinsi beringi itakavyofanya kazi kwa miaka ijayo, tofauti kabisa na kufunga bolti ili kitu kisidondoke.

Je, ni beringi kweli?

Dalili ya kawaida ni mvumo unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka na usiobadilika unapokanyaga klachi. Tafuta barabara iliyo wazi, endesha kilomita 60 kwa saa, kisha yumbisha gari taratibu kushoto na kulia. Ukikata kushoto, uzito unahamia upande wa kulia. Mvumo ukiongezeka wakati huo, shuku beringi za kulia, na ukikata kulia ukaongezeka, shuku za kushoto. Lakini tairi lililoliwa kwa mabonde mabonde nalo linavuma vivyo hivyo, na limewafanya watu wengi wanunue beringi bure. Kabla ya kutoa fedha, hamisha matairi ya mbele uyapeleke nyuma, kisha usikilize tena. Sauti ikihama nayo, tatizo ni tairi.

Baada ya hapo inua gari, shika tairi mkono mmoja juu kabisa na mwingine chini kabisa, sukuma na kuvuta kwa zamu. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki na kushikilia huku wewe unaendelea kutikisa. Mchezo ukipotea, ulikuwa wa beringi, kwa kuwa breki imeishika diski isitikisike juu ya spindo. Mchezo ukibaki, angalia boljointi, yaani viungo vya mpira wa chuma vinavyoshika nako. Kutikisa kwa kushika kushoto na kulia hakukupi jibu safi, maana pale hata tairodi iliyochoka, ile fimbo ya usukani, inacheza.

Mwisho, zungusha tairi kwa mkono huku kiganja cha mkono wa pili kikiwa kimegusa nako, yaani kile chuma kinachobeba spindo. Beringi iliyochimbika utaisikia kwenye kiganja kabla hujaisikia kwa sikio, mkwaruzo kama wa jiwe la kusagia lisilo na nafaka.

Kununua

Vua habu kwanza, ununue baadaye, kama una usafiri mwingine. Namba ya beringi imechongwa kwenye uso wa koni na kwenye ukingo wa kikombe, na namba hiyo ndiyo ya kuamini kuliko maneno ya "hii ya Hilux zote". Hilux zilikuja na breki tofauti na habu tofauti, na muuzaji hana namna ya kuijua ya kwako. Safisha beringi ya zamani, ifunge kwenye mfuko, nenda nayo, uwe Gerezani Dar es Salaam au Kirinyaga Road Nairobi.

Beringi feki ni janga la kweli kwetu. Majina ya Koyo, NSK, NTN na Timken yanaigwa sana, boksi likiwa zuri kuliko lililomo ndani. Mimi huangalia mambo machache. Maandishi kwenye chuma yawe makali na yaliyonyooka, na namba ya kwenye boksi ilingane na ya kwenye chuma, ya koni na ya kikombe. Rola zote ziwe na mng'ao mmoja bila doa la kutu. Na bei ikiwa robo ya bei ya maduka mengine yote, hapo hakuna bahati yoyote, ondoka.

Nunua seti kamili ya upande unaoufanyia kazi: beringi ya ndani na kikombe chake, ya nje na kikombe chake, oili sili mpya (pete inayozuia grisi isitoke) na kota pini mpya (kipini cha kukunjwa kinachozuia nati isilegee). Usiweke koni mpya kwenye kikombe cha zamani hata kama kikombe kinang'aa. Rola za zamani zimeshakichimba kwa umbo lao, na mpya zitakufa mapema juu yake. Ukiweza, fanya pande zote mbili kwa siku moja, kwa sababu zimetembea kilomita zile zile.

Grisi iwe ya beringi za magurudumu, ya lithiamu komplekisi, uzito wa NLGI 2 (NLGI ni kipimo cha ugumu wa grisi). Kopo likiwa na alama ya GC-LB, GC ndiyo inayosema kwamba grisi hiyo imepimwa kwa beringi za magurudumu. Grisi za bei rahisi za kupulizia chini ya gari hazivumilii joto la breki ya diski: zinayeyuka, zinapita kwenye sili na kuishia kwenye pedi. Na usichanganye aina mbili. Zinaweza kukataana na kugeuka uji.

Vifaa na mahali pa kazi

Utahitaji jeki, stendi mbili imara, soketi na spana za milimita, soketi ya 21 ya nati za tairi, koleo, bisibisi pana, nyundo, tindo, kipande cha shaba cha kugongea, sinia la kuoshea, mafuta ya taa, brashi, vitambaa safi vingi, na waya wa kufungia nondo. Spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, ikipatikana ni vizuri zaidi.

Gari likae juu ya ardhi ngumu na tambarare. Weka vizuizi nyuma na mbele ya magurudumu ya nyuma, ingiza gia, vuta handibreki. Legeza nati za tairi robo mzunguko kabla tairi halijaachia ardhi. Inua, kisha weka stendi chini ya chesisi. Tofali halifai kuwa stendi, wala mawe yaliyopangwa, wala rimu iliyolazwa. Tofali la saruji hupasuka ghafla bila kutoa onyo, na wewe utakuwa umeweka kichwa karibu na diski. Ukimaliza kuweka stendi, sukuma gari kwa bega. Likiyumba, anza upya.

Kama unaishi kwenye vumbi, mwagia maji eneo la kazi nusu saa kabla. Mimi hutandika gunia chini na juu yake kanga ya zamani iliyofuliwa, na kila kinachotoka safi kinawekwa juu ya kanga, kinafunikwa. Mama mmoja jirani aliwahi kuniuliza kama nazalisha. Nikamwambia usafi ni ule ule.

Kuvua

Toa tairi. Kabla ya kugusa breki, lowanisha vumbi la pedi kwa maji yenye sabuni na ulifute. Usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa, kwa sababu pedi nyingi za zamani zilikuwa na asbesto, na vumbi lake linaua mapafu polepole.

Fungua bolti mbili zinazoshika kalipa, ile sehemu inayobana pedi kwenye diski, kwenye nako, uitoe nzima pamoja na pedi zake, uifunge kwa waya kwenye mkono wa juu wa sasipensheni. Isining'inie kwenye hozi yake. Hozi inaweza kupasuka ndani ambako macho hayafiki, ukaja kujua siku breki zitakapovuta upande mmoja. Na usikanyage breki tena mpaka kila kitu kirudi.

Sasa kofia ya grisi, ile bakuli ndogo katikati ya habu. Weka ncha ya tindo kwenye ukingo wake, gonga kidogo, sogea, gonga tena, ukizunguka. Itatoka yenyewe. Ukiing'oa kwa kuikamata upande mmoja itabonyea, na kofia iliyobonyea inapitisha maji. Ndani utakuta kota pini. Inyooshe, ivute kwa koleo, itupe. Nyuma yake kuna taji, kikofia cha bati chenye meno kinachozuia nati isizunguke, halafu nati, halafu washa, pete bapa nene. Vipange juu ya kitambaa kwa utaratibu uliovitoa.

Tikisa habu kidogo kuja kwako na beringi ya nje itajitokeza. Ipokee kwa kiganja. Kisha vuta habu yote pamoja na diski yake, kwa mikono miwili na kwa kunyoosha, ili nyuzi za spindo zisikwaruzwe na beringi ya ndani.

Ilaze habu, ng'oa oili sili kwa bisibisi pana, itoe beringi ya ndani. Kabla hujaosha, isome grisi. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, kwa hiyo sili au kofia ilishindwa. Ikiwa nyeusi na kavu kama masizi, ilipikwa na joto la nati iliyobana au breki iliyoshika. Ikimeremeta unapoipeleka juani, ina unga wa chuma, na hapo spindo inahitaji macho yako zaidi. Kubadilisha beringi bila kujua kilichoiua ya kwanza ni kuiandalia ya pili kifo kile kile.

Vikombe vya zamani vinatolewa kwa kugongwa kutoka upande wa pili. Ndani ya habu kuna sehemu mbili zilizochongwa mkabala ambapo ukingo wa kikombe umeachwa wazi ili kipande cha shaba kipate pa kushika. Gonga upande huu mara moja, ule mara moja, kwa zamu. Ukigonga upande mmoja tu, kikombe kitalala mshazari na kuchana tundu la habu.

Osha habu kwa mafuta ya taa na brashi mpaka hakuna grisi ya zamani hata kwenye kona, kisha ikauke kabisa. Futa spindo na ipitishie kidole. Michubuko midogo inaondoka kwa msasa laini, ukifuta unga wote baadaye. Rangi ya bluu, au ngazi ambayo ukucha unakwama juu yake, maana yake ilipata moto mkali na inatakiwa kubadilishwa pamoja na nako yake.

Vikombe vipya

Hapa kuna vipimo viwili vya ukweli wa ulichonunua. Koni mpya iteleze kwenye spindo kwa mkono, bila nyundo na bila kuyumba. Kikombe kipya kikatae kuingia kwenye habu kwa mkono. Kama kinaingia kwa kidole, ama namba si yenyewe ama tundu la habu limekwisha, kwa sababu kikombe cha zamani kilikuwa kinazunguka ndani yake. Kupigilia alama za tindo kwenye tundu ili kikombe "kishike" ni tiba ya wiki chache. Tafuta habu nyingine.

Pwani tuna jua, tulitumie. Usiku weka vikombe kwenye friza, vikiwa vimefungwa kwenye mfuko. Saa sita mchana iweke habu juani, juu ya bati, mpaka iwe ya moto. Chuma cha baridi kimesinyaa, habu imetanuka, na kikombe kitaingia kwa kugongwa kidogo tu. Upande mpana wa mshazari utazame nje ya habu, upande beringi itakakoingilia. Tumia kikombe cha zamani kama kigongeo, ukilaza ukingo wake juu ya kipya, lakini kwanza kinoe kwa nje au ukikate ufa mmoja kwa grainda ili nacho kisije kukwama humo.

Sikiliza nyundo. Mwanzo inatoa sauti ya kitu chenye uwazi nyuma yake. Kikombe kikifika mwisho sauti inabadilika ghafla, inakuwa kavu na kamili. Chungulia kwa tochi kuzunguka nyuma yake: pasiwe na mwanya hata wa unene wa karatasi. Kikombe kisichofika mwisho kitafika chenyewe ukiwa barabarani, na hapo nati uliyoipanga vizuri itakuwa imelegea.

Kushindilia grisi

Nawa mikono kwa sabuni, uikaushe. Chota grisi kiasi cha yai kwenye kiganja cha kushoto. Shika koni kwa mkono wa kulia, upande wake mpana ukitazama kiganja, na ukate grisi kwa ukingo huo, ukiivuta na kuikandamiza, mpaka uone grisi inachomoza juu, kati ya rola na rola, kama nyama inavyotoka kwenye kinu cha kusagia. Sogeza kidogo, rudia, mpaka umemaliza duara zima. Kisha zunguka mara ya pili. Mwishoni paka safu nyembamba nje ya rola. Beringi iliyopakwa nje tu ina hewa katikati yake, na itakuwa kavu ndani ya siku chache.

Ndani ya habu, weka grisi kwenye uwazi wa katikati mpaka usawa wa ndani wa vikombe, basi. Ukijaza nafasi yote, grisi haina pa kutanukia ikipata joto, na itasukuma sili. Paka pia safu nyembamba kwenye spindo, kinga dhidi ya kutu.

Ingiza beringi ya ndani mahali pake, kisha oili sili, mdomo wake wenye springi ukitazama ndani kwenye beringi. Laza juu yake kipande cha ubao laini, gonga mpaka iwe sawa na ukingo wa habu. Paka mdomo wa sili grisi kidogo, la sivyo mdomo huo utaungua kwenye mizunguko ya kwanza.

Kukaza nati, mahali pa kutumia muda wako

Rudisha habu kwenye spindo kwa kunyoosha, ukiibeba uzito wake ili sili isikwaruzwe na nyuzi. Ingiza beringi ya nje, washa, nati. Kalipa isirudi bado, maana pedi zinazogusa diski zitakudanganya.

Kaza nati mpaka kama Nm 30 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Bila spana ya toki, hiyo ni nguvu ya mkono mmoja kwenye mpini wa sentimita 25, bila kuweka uzito wa mwili. Wakati unakaza, mkono wa pili unazungusha habu mbele na nyuma, mizunguko kadhaa. Hii inazipanga rola na kuikamua grisi iliyo kati ya rola na vikombe. Ukiruka hatua hii, grisi itajikamua yenyewe njiani na utakuta tairi linacheza wiki ijayo.

Sasa legeza nati kabisa, mpaka igeuke kwa vidole. Kisha kaza tena kwa soketi uliyoishika mkononi bila mpini wake, mpaka vidole vikatae. Hapo ndipo karibu na mwisho. Shika habu juu na chini, tikisa: pasiwe na mgongano unaoweza kuusikia. Izungushe: izunguke kwa ulaini na kuendelea kidogo baada ya kuiachia, ikipunguzwa na grisi na sili tu. Kwa kipimo, beringi za aina hii kwa kawaida huachiwa mchezo mdogo sana, kati ya milimita 0.025 na 0.125, ambao jicho halioni na mkono hausikii vizuri.

Weka taji juu ya nati. Tundu la kota pini lisipolingana na meno yake, usikimbilie kugeuza nati. Toa taji, lizungushe jino moja, rudisha, angalia tena. Mara nyingi moja ya nafasi hizo itakubali, na nati itabaki ilipokuwa. Ingiza kota pini mpya, ikunje ncha zake zisiguse kofia.

Miaka ya mwanzo nilidhani nati iliyobana ndiyo salama. Nilifunga habu ya kushoto kwa nguvu ya mpini mzima, nikaondoka Chalinze asubuhi nikielekea Tanga na mzigo nyuma. Kabla ya Segera nilinusa chuma cha moto. Nilipovua kofia ya grisi, kilichotoka kilikuwa maji meusi, na koni ya nje ilikuwa imeng'ang'ania spindo kama iliyochomelewa. Beringi iliyolegea inakupa muda, inavuma, inacheza, inakuita. Iliyobanwa inaweza kukuacha ndani ya saa moja, na ikikamata kwenye mwendo, gurudumu linaweza kukutoka.

Kurudisha na kujaribu

Futa diski pande zote mbili kwa kitambaa chenye thina mpaka kitambaa kitoke safi. Alama moja ya kidole chenye grisi inatosha kuharibu pedi. Rudisha kalipa, kaza bolti zake kisawasawa, gonga kofia ya grisi kwa kuizunguka. Funga tairi, shusha gari, kaza nati za tairi kwa msalaba mpaka kama Nm 110.

Kisha, kabla ya kuwasha injini: kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu. Pedi zimerudi nyuma ulipokuwa ukihangaika na kalipa, na pedali ya kwanza inaweza kwenda mpaka chini. Usiigundue hali hiyo ukiwa unatoka getini.

Endesha kilomita 10 hivi kwa upole, ukitumia breki kidogo iwezekanavyo, usimame, uguse katikati ya habu kwa mgongo wa vidole. Uvuguvugu ni sawa. Ikikufanya uondoe mkono, rudi nyumbani polepole na uipange upya nati. Linganisha na upande wa pili, kwani upande wa pili ndio kipimo chako bora.

Kwa mwenye LN106

Habu yako ina loki ya mbele, kile kifaa kinachounganisha gurudumu na ekseli, na nyuma yake nati mbili kubwa za soketi ya milimita 54 zenye washa ya kukunjwa katikati yake. Nunua soketi hiyo. Nati zilizochakazwa kwa tindo na nyundo nimezikuta kwenye karibu kila LN106 niliyoifungua, na haiwezekani kupanga beringi kwa usahihi kwa kupiga pembeni ya nati.

Loki inashikwa na nati sita, na chini ya kila moja kuna washa ya koni iliyojibana. Hazitoki kwa kuvutwa. Legeza nati, zirudishe mpaka usawa wa ncha ya stadi, yaani bolti iliyosimama, gonga juu kwa shaba, na washa zitaruka zenyewe. Ndani kuna klipu ya kushikilia ekseli, itoe kwa koleo lake.

Wakati wa kupanga, nati ya ndani inakazwa kwa Nm 60 huku ukizungusha habu, inalegezwa, na kukazwa upya kidogo kidogo. Kipimo hapa kinapatikana kwa mzani wa kuning'iniza, ule wa sokoni: funga kamba kwenye stadi moja ya tairi, vuta kwa mzani, na habu ianze kuzunguka kwenye kilo 2.8 hadi 5.6. Mvuto huu ni mzito kuliko ule wa LN85, kwa hiyo usihamishe hisia za mkono kutoka gari moja hadi jingine. Baada ya nati ya nje kukazwa, pima tena, kwa kuwa huongeza mkazo kidogo. Kisha kunja jino moja la washa kwenye nati ya ndani na jingine kwenye ya nje.

Ukifungua na kukuta grisi imechanganyika na oili ya difu, imekuwa supu ya kahawia, beringi mpya peke yake hazitakusaidia. Sili ya ekseli ndani ya nako imekwisha, na oili itaendelea kuiosha grisi yoyote utakayoweka. Fungua nako, ibadilishe, ndipo urudi kwenye beringi.

Kwa magari yote mawili, baada ya kilomita 500 inua tena gari na ushike tairi juu na chini. Vikombe vipya hutulia kidogo, na si ajabu kukuta mchezo mdogo. Kwenye LN85 vua kofia, toa kota pini, kaza kwa soketi isiyo na mpini, weka kota pini nyingine mpya. Baada ya hapo fungua, osha na ushindilie grisi mpya kila kilomita 40,000 hivi, au siku ile ile uliyovuka maji yaliyofunika habu, na kama yalikuwa maji ya bahari usisubiri kesho.